Jinsi ya kupima protini za kromatini wakati seli za binadamu zinazeeka kwenye chupa

Swali la mwanzo ninaloulizwa na wanafunzi wa hapa Unguja na wa Pemba wanaotaka kuingia kwenye kazi hii ya kupima kromatini ni ninunue antibodi gani (zile protini zinazonasa protini moja unayoitafuta), na mie huwaambia waziwache antibodi kwanza, waniambie wanalinganisha seli gani na seli gani na kwa kipimo gani. Manake hapo ndo kazi yote ilipo. Ukiteleza hapo hata ukiwa na mashine ya mamilioni utapata picha safi ya kitu ambacho hakipo. Haya nayaandika kwa yule aliyesoma sayansi tangu skuli, akamaliza digrii yake SUZA au kwengine, pipeti ameshaishika, na sasa anataka kujua kazi hii inafanywa vipi hatua kwa hatua, iwe ataifanya huku kwetu au ataifanyia nje.

Msingi kidogo tu halafu tuingie kazini. DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha inafika kama mita 2, na yote hiyo inakaa ndani ya kiini ambacho huwezi kukiona kwa macho matupu. Inaenea kwa sababu imezungushwa kwenye histoni, kila herufi 147 za DNA zinazunguka fungu la histoni 8, yaani mbili mbili za H2A, H2B, H3 na H4, halafu H1 inashika kwa nje pale DNA inapoingia na kutoka. Hiyo DNA pamoja na histoni na protini nyengine zote zilizoishikilia ndo kromatini, na namna ilivyokazwa au kulegezwa ndo inayoamua jeni gani isomwe na ipi ikae kimya. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Wistar Institute kule Philadelphia walionesha kuwa seli za kawaida za binadamu hazigawiki milele, zinafika mara 40 mpaka 60 hivi halafu zinasimama. Hazifi. Zinasimama tu, zinatanuka, na zinaweza kukaa kwenye chupa miezi zikiwa hai. Baadae ikajulikana kwamba sababu kubwa ni telomia, zile ncha za kromosomu, zinafupika kila seli ikigawika mpaka seli inaziona kama DNA iliyovunjika, basi inawasha p53, p21 na p16, protini za breki, na mlango wa kugawika unafungwa. Kromatini nayo haibaki vile ilivyokuwa, na hayo mabadiliko ndo tunayotaka kuyapima.

Tuanze na seli zenyewe. Zinazotumika zaidi kwa kazi hii ni fibroblasti (seli za tishu unganishi) za mapafu, WI-38 na IMR-90. Zote mbili zimetoka kwenye mimba zilizotolewa, ya WI-38 ilitolewa Sweden mwaka 1962, na nalisema hili wazi kwa sababu wengi wetu tungependa kulijua kabla hatujaweka mkono, na kila mtu ana haki ya kwenda kumuuliza mwanachuoni anaemuamini. Asiyetaka kuzigusa ana njia nyengine nzuri tu, fibroblasti za govi la mtoto aliyetahiriwa, kuna BJ ambazo zinauzwa tayari, na sie visiwani tohara ni jambo la kila siku kwa hiyo hata kuotesha zako mwenyewe inawezekana, ila kwa ridhaa ya wazee wa mtoto iliyoandikwa na kibali cha kamati ya maadili mkononi kwanza, usichukue kipande ukasema kibali kitakuja nyuma. Tofauti zake uzijue mapema: IMR-90 na WI-38 zikizeeka zinatoa yale madoa ya kromatini ntakayoyaeleza chini, BJ zinayatoa kwa uchache mno na p16 yao pia huwa chini, kwa hiyo ukiwa na BJ usije ukakosa madoa ukasema seli hazijazeeka.

Kuzikuza si kazi ngumu, kugumu ni kuzikuza vile vile kwa miezi. Mediamu (chakula cha seli) ya DMEM au MEM yenye seramu asilimia 10, joto nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5, zikijaa kiasi cha asilimia 80 unazing'oa kwa tripsini na kuzigawa. Seramu nunua ya lot moja, yaani toleo moja la kiwandani, itakayotosha kazi yote, manake ukibadilisha lot katikati hujui tena kama seli zimebadilika kwa uzee au kwa chakula. Oksijeni nayo amua mwanzo, ya hewa ya kawaida kama asilimia 20 au ya chini kama 3, ile ya chini inazipa seli maisha marefu zaidi, na yoyote utakayochagua baki nayo mpaka mwisho. Pima maikoplazma mara kwa mara, huyu mdudu haonekani kwa hadubini ya kawaida na anabadilisha seli nzima bila ya mediamu kuchafuka.

Umri wa seli usiuhesabu kwa mara ulizozihamisha, uhesabu kwa dabo, yaani mara ngapi idadi ya seli imejizidisha mara mbili. Kila ukivuna, zihesabu seli kwenye kioo cha kuhesabia, gawa idadi uliyovuna kwa idadi uliyopanda, tafuta logi ya 10 ya jibu, zidisha kwa 3.32. Mfano umepanda laki 5 ukavuna milioni 1 na laki 6, jibu ni 3.2, logi yake 0.505, mara 3.32 unapata dabo 1.68. Kama chupa ilikuwa dabo 27.4 sasa ni 29.08, andika kwenye daftari na juu ya chupa. Watu wawili wanaosema wote wako "pasaji ya 20" wanaweza wakapishana dabo 15 au zaidi kwa sababu huyu anagawa moja kwa mbili na yule moja kwa nane, kwa hiyo ile namba peke yake haisemi kitu.

Sasa hili la umeme, khasa kwetu. Kazi hii inakwenda miezi bila ya kukatika na kisiwa cha Unguja kiliwahi kukaa bila umeme wa gridi kama miezi 3, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ilipoharibika njia ya umeme unaotoka bara, na kukatika kwa masaa machache ni jambo la kawaida. Kwa hiyo kila baada ya dabo 5 hivi gandisha viala kadhaa kwenye DMSO asilimia 10 na uviweke sehemu mbili tofauti, jengo moja lisibebe kazi yako yote. Umeme ukikatika usifungue fungue inkubeta kuchungulia, joto la ndani linakaa muda mlango ukiwa umefungwa. Kinachokwenda mbio ni gesi, kama umeme utachelewa kurudi zikaze vifuniko vya chupa ili kaboni dayoksaidi isitoke, utaijua imetoka pale mediamu ikiacha rangi yake ya wekundu wa machungwa ikawa pinki ya kukoza, hapo imekuwa alkali na seli zinaumia. Tarehe ya kila mkatiko iandike, kwa sababu seli iliyopata msukosuko inaonesha alama za DNA kuvunjika ambazo zinafanana na za uzee, na miezi miwili mbele hutokumbuka ilikuwa siku gani. Maji ya trei ya inkubeta yawe yaliyotolewa madini maabara, ya bomba letu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, yanaganda mweupe kwenye trei na kwenye sensa.

Utajuaje zimefika? Zikishindwa kudabo hata mara moja kwa wiki mbili tatu na huku unazibadilishia mediamu vizuri, anza kuzipima. Kuziona tu kubwa na bapa hakutoshi. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha rangi ya buluu cha kimeng'enya cha beta-galaktosidesi kwenye pH 6.0, kilichoelezwa mwaka 1995: zikaze (fix) seli kwa fomaldehaidi asilimia 2 na glutaraldehaidi asilimia 0.2 dakika 3 mpaka 5, mwagia dawa yenye X-gal, weka nyuzi 37 usiku kucha lakini wallahi usiweke kwenye inkubeta yenye kaboni dayoksaidi, gesi inashusha pH na kila seli inakuwa buluu, changa na nzee. Na seli changa zilizobanana siku nyingi nazo zinaweza kuingia buluu, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Ongeza EdU, dawa inayoingia kwenye DNA mpya pale seli inapoiga DNA yake, unazipa seli siku nzima au mbili halafu unahesabu ngapi zimeingiza, kwenye chupa iliyozeeka kweli iwe chini ya asilimia 5 hivi. Halafu p16 na p21 kwa westani bloti, yaani unazitenganisha protini kwenye jeli kwa ukubwa, unazihamishia kwenye membreni na kuzitafuta kwa antibodi. Vikikubaliana vyote vitatu basi endelea.

Haya, sasa tufike kwenye lile la mwanzo, unalinganisha nini na nini. Watu wengi wanaweka makundi mawili, changa na nzee, na hapo ndo wanapotea. Histoni nyingi zinatengenezwa wakati seli inaiga DNA yake kujitayarisha kugawika. Seli nzee haigawiki, kwa hiyo hata kama uzee wenyewe haujafanya lolote utaikuta inatengeneza histoni kidogo kwa sababu tu haigawiki, na EZH2, kimeng'enya kinachoweka alama za kunyamazisha jeni kwenye histoni, ni vile vile, inafuata mwendo wa kugawika. Lazima uwe na kundi la tatu: seli changa zilizopumzishwa, ama kwa kuziwacha zijae zishikane au kwa kuzishushia seramu mpaka asilimia 0.1 au 0.5 kwa siku kadhaa, halafu thibitisha kwa EdU kuwa kweli zimesimama. Hizi changa zilizopumzika ukizirudishia seramu na nafasi zinaanza tena kugawika, nzee hazianzi, na tofauti baina ya hizi mbili ndo uzee wenyewe. Ukinambia protini fulani imeshuka kwa nzee nami nikaona imeshuka vile vile kwa zilizopumzika, basi umepima kusimama, hujapima kuzeeka. Mie ripoti isiyo na kundi hili siiamini hata ikiwa na picha za kupendeza vipi.

Makundi yote matatu yavunwe siku moja kwa bafa zile zile. Ndo faida nyengine ya vile viala ulivyogandisha, unazitoa changa kwenye baridi wiki mbili tatu kabla ili zikutane na nzee siku ya kuvuna. Na chupa za nzee utahitaji nyingi kuliko unavyodhani, seli ni kubwa zinajaza chupa zikiwa chache, flaski moja inayokupa mamilioni ya changa inaweza kukupa laki chache tu za nzee.

Kuvuna: tripsini, simamisha kwa mediamu yenye seramu, hesabu, osha kwa PBS ya baridi mara mbili, na kuanzia hapo kila kitu kwenye barafu. Maabara zetu zina joto, chumba kisicho kiyoyozi kinafika nyuzi 30 na ushei, kwa hiyo sentrifuji iwe imeshapozwa kabla hujaanza na bafa ziwe zimekaa kwenye barafu, usizitoe friji ukazimwaga hapo hapo. Tia vizuizi vya protiezi (vimeng'enya vinavyokata protini), na kama utaangalia alama za asetili kwenye histoni tia na sodiamu butireti milimola 5 kuanzia kwenye PBS, bila hivyo vimeng'enya vinaendelea kuziondoa asetili huku wewe unahesabu seli.

Kuna njia mbili za kuitoa kromatini na ningekushauri uzifanye zote. Ya kwanza ni kutenga kwa mafungu. Loweka seli kwenye bafa ya HEPES milimola 10 pH 7.9, potasiamu kloraidi milimola 10, magnesiamu kloraidi milimola 1.5, sukari ya sukrozi mola 0.34, gliserini asilimia 10, DTT milimola 1, na Triton X-100 asilimia 0.1, dakika 5 mpaka 8 kwenye barafu, zungusha kwa g 1,300 dakika 5. Kilicho juu ni saitoplazimu, kilicho chini ni viini. Hapa simama kidogo, chukua tone la viini changanya na rangi ya trypan blue uangalie kwa hadubini, viwe vya mviringo na mipaka yake safi. Viini vya nzee ni dhaifu zaidi, ukuta wake umepungukiwa na protini ya lamini B1, vikipasuka mapema kromatini itakwenda kwenye fungu la juu na wewe utaiita hasara ya uzee. Vikiwa salama vioshe mara moja, halafu vipasue kwa maji yenye EDTA milimola 3, EGTA 0.2 na DTT 1 kwa nusu saa, zungusha g 1,700 dakika 5, kilichobaki chini ni kromatini. Mafungu yote matatu yahifadhi, hata la saitoplazimu usilimwage, kwa sababu seli nzee zenyewe, bila ya wewe kuzipasua, zinatoa vipande vya kromatini nje ya kiini, vinakutwa na gama-H2AX (alama ya DNA iliyovunjika) na H3K27me3 (alama ya kunyamazisha jeni, kwenye lisini ya 27 ya H3), na vinakwenda kusagwa kwenye laisosomu. Histoni zinapungua kwa njia mbili, zinatengenezwa kidogo na zinaliwa, na ukiwa na fungu la saitoplazimu unaweza kuona hiyo ya pili.

Njia ya pili ni ya asidi, kwa histoni tu. Chukua viini, vitie kwenye asidi ya salfuriki 0.4 N, vizungushe taratibu kwenye baridi nusu saa au usiku kucha, zungusha g 16,000 dakika 10 na uchukue maji ya juu, histoni zinayeyuka kwenye asidi na protini nyingi nyengine haziyeyuki. Halafu dondosha asidi ya TCA tone tone mpaka ifike asilimia 33, barafu nusu saa, zungusha tena. Hapa angalia kwa makini sana: usitarajie kidonge kizuri chini ya tyubu. Histoni zinakaa kama utando mweupe mwembamba uliojipaka kwenye ubavu wa tyubu, upande ule uliokuwa unatazama nje wakati wa kuzunguka, kwa seli chache karibu hauonekani mpaka uinamishe tyubu kwenye mwanga. Kwa hiyo weka alama upande wa nje kabla ya kuzungusha, mwaga kimiminika kwa upande wa pili, osha kwa asetoni iliyopoa sana bila ya kukwangua, wacha ikauke dakika 20, ndo uyeyushe kwa maji ukiuogesha ubavu wote ule. Wengi wanaopata histoni chache kwa nzee wamezimwaga hapa.

Kipimo sasa. Mazoea ni kupima jumla ya protini halafu kupakia maikrogramu sawa kila njia ya jeli. Kwa kazi hii usifanye hivyo. Seli nzee ina protini nyingi zaidi kuliko changa lakini DNA yake ni ile ile, kwa hiyo ukipakia maikrogramu 20 kila upande, upande wa nzee umeweka viini vichache, halafu histoni zikitoka hafifu unasema zimepungua kumbe umepakia pungufu wewe mwenyewe. Ni kama kulinganisha mavuno ya mikarafuu miwili kwa kilo na huyu kaleta mbichi yule kaleta kavu, mizani iko sawa ila hujapima kitu kimoja. Pakia kwa DNA. Kutoka kila sampuli ya viini toa sehemu ndogo, ipime DNA kwa rangi ya kung'ara kama Hoechst, seli moja ya binadamu yenye kromosomu kamili ina kama pikogramu 6.5, kwa hiyo viini milioni moja vikupe karibu maikrogramu 6.5, ukipata 4 umepoteza viini njiani na hesabu yako ya seli haisimami tena. DNA inashinda kuhesabu seli peke yake kwa sababu kwenye nzee baadhi zina kromosomu maradufu au viini viwili.

Na kile cha kuthibitisha kuwa umepakia sawa? Kwa kazi za kiini watu huchukua H3 au lamini B1. Hapa zote mbili hazifai kabisa, manake zote mbili ni katika vitu vinavyobadilika. Mwaka 2010 maabara ya Jan Karlseder kule Salk Institute, California ilionesha kuwa seli zikikaribia kuzeeka utengenezaji wa H3 na H4 unashuka, na kushuka kwa lamini B1 kumekuwa alama ya uzee yenyewe. Ukigawa kila kitu kwa H3 iliyoshuka, protini isiyobadilika itaonekana imepanda. Tumia DNA uliyopima, paka Ponceau, rangi inayoonesha protini zote, kwenye membreni uone njia zote, na lamini A/C inaweza kukusaidia kwa sababu haishuki kama B1.

Westani bloti yenyewe haina mengi. Histoni zinataka jeli ya asilimia 15 na membreni ya PVDF yenye matundu ya maikromita 0.2, ya 0.45 zinapita. H3 iko karibu na kilodaltoni 17, H4 kwenye 11, H1 juu zaidi kwenye 30 na kitu, lamini B1 karibu na 66 mpaka 68, EZH2 inakaribia 100. Antibodi ya alama kama H3K9me3, nayo ni ya kunyamazisha, igawe kwa H3 yote ya sampuli hiyo hiyo, na pia ionyeshe kwa DNA, ni maswali mawili tofauti: alama kwa kila histoni, na alama kwa kila kiini.

Kama kila kitu kimekwenda sawa hivi ndo vitu vya kutarajia. Lamini B1 inashuka sana, mara nyingi ndo tofauti ya mwanzo utakayoiona kwa macho. H1 inapungua, na kwenye WI-38 hii imeandikwa tangu 2006, na huku HMGA, protini nyengine zinazoshika DNA, zinaongezeka kwenye kromatini, kama kwamba zinachukua nafasi yake. H3 na H4 chini. EZH2 chini, na kwa kuwa ndo inayoweka H3K27me3 juu ya jeni ya p16 ili ikae kimya, ikiondoka p16 inafunguka, kwa hiyo hii si alama tu, ni sehemu ya sababu. Histoni mbadala zinapanda, macroH2A, H3.3, na H2A.J ambayo inajikusanya kwenye nzee zenye DNA iliyovunjika muda mrefu. H4K20me3 inapanda. Gama-H2AX inapanda na haiondoki. HMGB1, nayo ni protini ya kromatini, inatoka kwenye kiini ikaenda nje ya seli, hii tafuta kwenye mediamu pia. H3K9me3 usiitarajie mambo makubwa kwenye bloti, jumla yake inaweza kubaki karibu vile vile huku mahali ilipokaa pamebadilika, na bloti haikuoneshi mahali.

Ndo maana hadubini ya mwanga wa rangi huwezi kuikimbia. Paka DAPI, rangi ya buluu inayoshika DNA. Kiini kichanga cha IMR-90 ni yai dogo la buluu iliyosambaa sawa. Kiini kizee ni kikubwa, na ndani yake kuna madoa yanayong'ara makumi kadhaa, yametengana, baina yake buluu ni hafifu karibu nyeusi. Kila doa ni sehemu ya kromosomu moja iliyojikaza. Yalielezwa mwaka 2003 na Masashi Narita na wenzake Cold Spring Harbor, na ukipaka antibodi mbili pamoja utaona yana matabaka, H3K9me3 katikati, H3K27me3 imeizunguka kama pete, na H3K4me3, alama ya jeni zinazosomwa, yote iko nje ya doa. Ukipiga picha tumia muda ule ule wa mwanga kwa makundi yote matatu, usiache mashine ijirekebishe, na hesabu viini bila kujua slaidi ni ya kundi gani, mpe mwenzako azifunike majina. Madoa haya ni mazito zaidi kwenye seli zilizozeeshwa kwa jeni ya saratani ya RAS kuliko zilizozeeka kwa kugawika, kwa hiyo kwenye seli zako usishangae ukayakuta kwenye sehemu tu ya viini.

Mwenye nafasi ya mas spektrometa, mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake, aende mbali zaidi, apime protini zote za kromatini kwa mkupuo. Njia ya kulisha seli lisini na ajinini nzito inafanya kazi ila lazima chanzo kiwe kwa changa, zigawike angalau mara 5 kwenye chakula hicho mpaka protini zote ziwe nzito, manake nzee hazigawiki na hazitojaa. Halafu unachanganya changa nzito na nzee nyepesi, kwa idadi ya viini si kwa protini, kabla ya kutenga kromatini, ili hasara ya njiani iwapate wote sawa. Zile changa zilizopumzika nazo chanzo chake kiwe kwenye chakula chepesi, uzichanganye na nzito zile zile kwenye tyubu yao. Histoni zina lisini nyingi, tripsini inazikata vipande vidogo mno, zifunike lisini kwanza kwa propioniki anhidraidi ndo ukate.

Na kama una uwezo ongeza kundi la nne. Mwaka 1998 ilioneshwa kuwa ukizitia seli za kawaida jeni ya telomerezi, hTERT, zinaendelea kugawika kupita ule ukomo wao. Chukua seli zako zile zile, nusu zitie hTERT, zikuze sambamba na wenzao kwa miezi ile ile, kwenye plastiki ile ile na seramu ile ile. Siku ya kuvuna utakuwa na seli ambazo zimekaa kwenye chupa muda sawa na nzee, zimepitia tripsini ile ile na mikatiko ya umeme ile ile, lakini telomia zao hazijafupika. Kinachobadilika kwenye nzee na hakijabadilika kwenye hizi wala kwenye changa zilizopumzika, hicho ndo uandike. Halafu rudia yote kwa seli za mtu mwengine, kwa sababu chupa tatu za IMR-90 bado ni mtu mmoja.